Mgongo kwa Mgongo

"Damu yako na ya mkeo hazipatani," alisema mganga wa zamu, mtu wa bara asiye na ubaya ila uchovu.

Nunow alibaki amekunja mkono, pamba imebanwa kwenye kiwiko. Yeye na Saado walikuwa wamepatana miaka sita, katika njaa na katika shibe, na hata mimba tatu zilipoharibika hawakurushiana lawama. Leo vitone viwili juu ya kioo ndivyo vije kuwagombanisha.

"Toa tu, daktari," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi nimekubali."

"Si habari ya kukubali. Nikimtia damu yako nitamuua." Mganga alivuta kiti, akashusha sauti. "Sikiliza, bwana fundi. Daktari wa upasuaji anakuja Alhamisi na ndege ndogo. Analala hapa, kesho yake anaondoka, na sijui atarudi lini kwa vita hivi. Ule uvimbe wa kizazi anaweza kuutoa. Lakini mkeo amevuja damu wiki nzima. Akipasuliwa bila damu ya akiba, atamfia mezani. Anataka chupa mbili. Ndugu zake wako wapi?"

"Iko kaka moja. Na mama. Wote Balambala."

Mganga alitazama nje ya dirisha, upande wa juu wa mto. Kila mtu Garissa alijua hali ya njia ya Balambala. "Jaribu hapa mjini kwanza," alisema mwishowe.

Ilikuwa Jumatatu, asubuhi.

*

Nunow alijaribu. Alifunga cherehani yake kwa kitambaa na kupita mlango hadi mlango, tangu soko la mbuzi mpaka nyuma ya msikiti. Wote walimpokea vizuri, wakamwombea Saado dua ndefu, na wote mikono yao ilirudi ndani ya mashuka mara aliposema sindano.

Uvumi ulikuwa umemtangulia. Ilisemekana damu ya hospitali ile ilipelekwa kambini, wakaongezewa askari waliopigwa risasi na shifta, wale waasi wa msituni. Nani aliyeona? Hakuna. Lakini mwaka ule watu walikuwa wamepoteza ngamia, visima na vijana, na hawakuona sababu ya kuongeza na damu juu yake.

"Walaal, ndugu yangu, unanijua," alisema Bare, mwenye hoteli ya chai, pande la mtu ambaye mkono wake mmoja ungetosha kujaza pipa. "Ukitaka nguo yangu nitavua hapa hapa. Lakini damu, watu wakisikia nimetoa, nani atakunywa chai yangu?"

"Ni ya Saado, Bare. Unamjua Saado."

"Wewe unasema ni ya Saado. Chupa haina jina."

Nunow aliimeza hasira yake pamoja na chai ambayo Bare alikataa kulipwa.

Basi aliposema atakwenda Balambala kwa baiskeli yake, mtaa mzima ulipumua. Magari ya njia ile yalikuwa yamesimama tangu lori moja likanyage bomu. Ngamia akionekana njiani alipigwa risasi pamoja na mwenyewe. Baiskeli haikuwa imekatazwa na mtu, nafikiri kwa kuwa serikali haikudhani yuko mwenye akili zake atakayeisukuma maili sitini za mchanga. Alio, fundi wa baiskeli, akaleta pampu na viraka. Shamis muuza maziwa akaleta kibuyu. Bare akaleta tende, mikate na tairi kuukuu la akiba. Ilikuwa qaaraan kamili, ule mchango ambao watu humtolea mwenzao aliyefikwa na jambo, isipokuwa safari hii walichangia baiskeli yake ili wasichangie damu. Nunow alilijua hilo vizuri, na alipokea kila kitu kwa mikono miwili.

Kibali cha njia alikipata kwa suruali. Alikuwa ndiye fundi wa karani wa ofisi ya wilaya, na karani yule alikuwa akinenepa kila mwezi.

Jioni alikwenda kumuaga mkewe. Saado alikuwa amelala na macho makubwa kuliko uso, midomo imepauka.

"Baiskeli yenyewe huijui," alisema. "Uliangukia ndizi za watu sokoni."

"Zamani hizo."

"Mwezi wa Rajabu, juzi tu, Nunow." Alijaribu kucheka, akashindwa. Akamshika kidole kimoja. "Ukifika, mama asijue nilivyo. Mwambie Kulow peke yake."

"Mama yako nitamwambia vipi? Hata uso wake siujui vizuri."

Hiyo ilikuwa kweli. Tangu amwoe Saado, Nunow hakuwahi kula mbele ya mama yake, Habibo, wala kumwita, wala kukaa naye chini ya kivuli kimoja. Akimwona kwa mbali alibadili njia. Hivyo ndivyo mwanamume mwenye adabu alivyomheshimu mkwewe, na kwa adabu Nunow hakuwa na mpinzani.

*

Alifika Balambala Jumanne, jua likizama, makalio yamekufa ganzi na magoti yametoka ngozi. Watu wa malisho walikuwa wamekusanywa ndani ya ua mmoja mkubwa wa miiba, vibanda vimebanana, askari mlangoni. Kulow alimlaki kwa mikono yote miwili na, alipokwisha kusikia habari, akakunja shuka yake hadi begani.

"Chukua yote," alisema. "Twende sasa hivi."

Asubuhi walisimama mbele ya ofisa wa kijiji, kijana mpole aliyekuwa akinywa uji. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akatikisa kichwa.

"Mwanamume hatoki hapa."

"Dada yangu nakufa," Kulow alisema.

"Pole. Lakini mwanamume akitoka hapa, huko nje akikutana na doria, si mgonjwa tena wala ndugu wa mgonjwa. Ni shifta. Watampiga risasi, na mimi nitaulizwa nani alimpa ruhusa." Akakiweka kikombe chini. "Nawaambia kweli, si kwamba nawachukia."

Walirudi kibandani wameinamisha vichwa. Kulow, mtu mzima mwenye watoto, alikaa chini akalia waziwazi, na Nunow akaketi kando yake. Mchana wa kesho daktari angeshuka kutoka kwenye ndege na kuuliza damu iko wapi.

Ndipo sauti ikatoka upande wa pili wa mkeka uliogawa kibanda. Ilikuwa sauti kavu ya mwanamke, ya Habibo, na haikumsemesha Nunow.

"Kulow, muulize huyo mgeni. Hiyo damu, walisema iwe ya kiume?"

Kulow alimtazama Nunow. Nunow alitazama chini. Mganga hakusema hivyo. Alisema ndugu, na wote wawili, tangu mwanzo, walikuwa wamesikia wanaume. Damu ikimwagika, wanaume ndio wanaokaa kikao, wanaume ndio wanaolipa fidia ya ngamia. Ingewajiaje akilini kwamba inaweza kuwamo mikononi mwa mama mzee wa watu?

"Hakusema," alijibu Nunow, akiuambia mkeka.

"Kwa hiyo Saado damu yake aliitoa wapi? Aliokota kisimani? Ofisa amekataza wanaume. Wanawake hakuwataja. Nenda kamuulize, Kulow, kabla jua halijapanda."

Ofisa alimtazama Habibo, mwembamba, mgongo umenyooka, shela imefunika nusu ya uso, akaandika kibali bila kunung'unika. Hapo ndipo jambo lenyewe lilipojitokeza mbele ya kila mtu. Baiskeli ilikuwa moja, na ilikuwa na kiti cha nyuma kimoja.

Nunow alijisikia masikio yakiwaka moto. "Nitaisukuma," alimwambia Kulow. "Mama akae, mimi nitembee."

"Maili sitini? Utafika Ijumaa, daktari ameshapaa."

Watu walikuwa wamekusanyika. Wanawake waliziba midomo kwa shela. Habibo aliingia kibandani, akatoka na kipande cha mkeka mnene wa herio, ule uliokuwa ukikalia mgongo wa ngamia wake mkubwa kabla askari hawajampiga risasi pamoja na wenzake kisimani. Akamwelekeza Kulow aufunge wima nyuma ya kiti cha mwendeshaji. Kisha akapanda kwenye kiti cha nyuma akiwa ameipa dunia ya mbele kisogo, mgongo wake huku, mgongo wa mkwewe kule, mkeka wa ngamia katikati.

"Iambieni baiskeli iondoke," alisema.

*

Mwendo wa kwanza ulikuwa wa mateso. Nunow hakuthubutu kuhema kwa sauti. Penye mchanga mwingi alishuka akasukuma, na Habibo naye alishuka, akatembea pembeni huku ametazama vichaka. Hakumsemesha. Aliisemesha baiskeli.

"Baiskeli, mbele kuna shimo, nililiona jana tulipokwenda kuteka maji."

Shimo lilikuwapo kweli.

"Baiskeli, umechoka. Simama unywe maji."

Baiskeli ikasimama. Nunow alikwenda nyuma ya kichaka akanywa huko, Habibo akanywa upande wake, na tende wakazigawana kwa kuziacha juu ya jiwe. Kidogo kidogo aibu ilianza kumwacha, akaanza na yeye kujibu, akiinamia usukani.

"Baiskeli inauliza kama mama ameumia mgongo."

"Iambie nimepanda ngamia wabaya kuliko yeye."

Kabla ya adhuhuri mnyororo uliruka, ukamla kidole. Akawa anaurudisha, akifikiria Saado, akifikiria jua, na machozi yakamtoka kwa uchovu. Alidhani hayaonekani. Habibo, aliyekuwa amegeukia mbali, alisema polepole, "Nilimzaa Saado njiani, tukihama. Sikuwa na mtu. Nilijua atakufa, hakufa. Iambie baiskeli hivyo."

Walipopanda tena, yeye ndiye aliyeona vumbi, kwa kuwa ndiye aliyetazama nyuma.

"Baiskeli, kuna gari linakuja."

*

Lilikuwa gari la jeshi. Liliwapita, likageuka na kusimama mbele yao, na askari wanne wakaruka chini na bunduki.

"Simama hapo. Mikono juu."

Nunow alikanyaga chini miguu miwili. "Afande, nikiinua mkono, mama naanguka."

"Nimesema mikono juu."

Aliinua mmoja. Askari kijana alikuja akamshusha Habibo kwa kumwelekezea mtutu, akampekua Nunow mpaka ndani ya viatu, akamwaga tende mchangani na kuzikanyaga. Sajini wao, mtu mfupi mwenye mvi kidogo, alisoma vibali viwili akilinganisha mihuri.

"Huyu mwanamke ni nani yako?"

Nunow aliona haya. Mbele ya wanaume wageni wanne, aseme amembeba nani? "Mama yangu," alisema.

"Kibali kinasema vingine. Na kama ni mama yako, mbona mmepeana migongo? Huu mkeka mmeficha nini ndani?"

Askari kijana alichomoa kisu na kuanza kuupasua mkeka. Habibo hakujua Kiswahili, lakini kisu alikijua, na mkeka ule ndio kitu pekee alichobakiwa nacho cha ngamia wake. Alitoa sauti ndogo, ya mtu aliyekanyagwa kidole. Nunow hakuweza kuvumilia.

"Hakuna kitu ndani, afande. Mimi nimedanganya kwa sababu ya haya. Huyu si mama yangu. Ni mama ya bibi yangu."

Kisu kikasimama.

"Mkweo?" aliuliza sajini.

"Ndiyo, afande. Bibi yangu nakufa, hosbitali ya Garissa. Damu yake iko kwa huyu mama tu. Wanaume wamekatazwa kutoka. Mimi ningefanya nini? Huo mkeka ni wa heshima, mgongo yangu usimguse."

Yule kijana aliuachia mkeka kama aliyeshika kaa la moto. Akarudi nyuma, akafuta mikono kwenye suruali. Hakuna aliyecheka mara moja. Sajini alivua kofia, akakuna kichwa, na Nunow akaona kwamba naye alikuwa ameacha kumtazama Habibo na kugeukia vichakani, ingawa huko hapakuwa na kitu cha kutazama.

"Umembeba mama mkwe," alisema taratibu. "Kwa baiskeli. Tangu Balambala."

"Tangu Balambala."

"Kwetu mimi nikimwona mkwe wangu njiani naingia kwenye mahindi mpaka apite. Likizo iliyopita nililala kwenye mtaro wa maji nikiwa na sare hizi hizi, yeye amesimama barabarani anaongea na jirani. Nililoa mpaka kofia." Hapo ndipo askari walipocheka, na sajini akacheka nao kidogo, kisha akawakatiza. "Shifta atanidanganya mambo mengi. Hili hakuna mwanamume wa kulibuni."

Akamrudishia vibali. Akaokota mkeka mwenyewe, akaufunga upya kwa kamba yake ya jeshi, uso kaugeuza pembeni muda wote. Akaongeza pakiti ya biskuti na chupa ya maji. "Gari siwezi kukupa, hapo mbele tunaiacha njia hii. Mwambie mama kijana wangu hakujua."

Nunow akainama juu ya usukani, akaiambia baiskeli kwa Kisomali.

Habibo alikwisha kukaa. "Iambie baiskeli imwambie huyo mtu," alisema, "Mungu amrudishe kwao salama, amkimbie mkwewe kwa miaka mingi."

Sajini alipotafsiriwa maneno hayo, hakucheka. Alipiga saluti kuelekea vichakani.

*

Waliingia Garissa muda mfupi kabla ya saa ya watu kufungiwa majumbani. Wenye maduka walikuwa wakiteremsha mbao. Nunow alitamani kupita nyuma ya soko, lakini miguu ilikuwa imekwisha na njia fupi ilikuwa ile ya mbele ya hoteli ya Bare. Watu wale walioijua adabu yake walimwona akipita na mkwewe mgongoni, amejaa vumbi hadi kope.

Mbele ya hoteli tairi likapasuka.

Habibo akashuka. Aliwatazama wanaume waliojaa barazani na vikombe mikononi, mmoja mmoja. Hawa hawakuwa wakwe zake, aliweza kusema nao.

"Nimepanda baiskeli ya mume wa binti yangu mbele ya jeshi la serikali," alisema. "Heshima yangu imebaki njiani huko. Nimekuja kutoa chupa moja. Nasikia wanataka mbili. Nani kati yenu ana aibu kubwa kuliko hii yangu?"

Aliendelea kwa miguu kuelekea hospitali, bila kungoja jibu. Nunow akamfuata kwa mbali akisukuma baiskeli. Walipofika kwenye geti, palikuwa na mtu nyuma yao anayehema. Ni Bare, aproni bado kiunoni.

"Usiniseme," alimwambia Nunow. "Chai wakikataa kunywa, watakunywa nini, maji ya mto?"

Mganga aliwapima wote wawili. Ya Habibo ikapatana na ya Saado. Akapima ya Bare, akapima tena, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Nunow amjue. Huyo Bare hakuwa ndugu wa Saado kwa upande wowote, na alizimia kabla chupa haijafika nusu, ikabidi wauguzi watatu wamshike.

*

Alhamisi ndege ilitua. Tangu adhuhuri Nunow na Habibo walikaa kwenye baraza ya hospitali, yeye mwanzo, mkwewe mwisho, baiskeli imeegemezwa katikati. Alasiri Alio alikuja akaichukua aende kuitia tairi la akiba. Hawakumwona akiondoka nayo.

Mganga alitoka akiwa amelowa jasho. "Ametoka mezani," alimwambia Nunow. "Uvimbe wote umetoka. Yuko hai. Damu ile ndiyo iliyomvusha, mwambie mama."

Nunow alimshika mganga mkono. Akageuka kuiambia baiskeli, na baiskeli haikuwepo. Palikuwa na baraza tupu, na upande wa pili mwanamke mwembamba aliyesimama, mkono kifuani, ambaye hakuwa ameelewa neno hata moja la Kiswahili na sasa alikuwa akiusoma uso wake waziwazi, kwa hofu. Ndipo Nunow alipouona vizuri ule uso. Ulikuwa uso wa Saado, uliozeeka.

"Hooyo," alisema. "Mama. Saado yuko hai."

Habibo alijifunika shela mpaka kichwani. Mabega yalimtetemeka muda mrefu.

"Nimesikia, mwanangu," alijibu kutoka humo ndani.

Kesho yake mambo yalirudi kama kawaida. Habibo alipokuwa ndani, Nunow alikaa nje chini ya dirisha. Alimsikia mkewe, sauti nyembamba lakini ni yake, akiuliza mama amefikaje Garissa na njia zimefungwa.

"Kuna baiskeli ilinileta," Habibo alisema. "Dhaifu kidogo, na penye mchanga inalia. Lakini ina adabu sana hiyo baiskeli."

Kisha Saado akaanza kucheka, akaugua, akacheka tena. "Hooyo, niache, nyuzi zitakatika."

Nunow aliegemea ukuta akafumba macho. Naye akacheka, taratibu, mkewe na mkwewe wasimsikie.